Daftari la mali za marehemu: yaliyonipata wodini wakati wa korona, Dodoma

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu yote nimeifanyia Dodoma. Mwaka 2020 na 2021 nilikuwa katika wodi iliyopokea wagonjwa wa korona. Nayaandika haya kwa wauguzi wenzangu, madaktari, wahudumu wa usafi, watu wa maabara na wa mochwari, na kwa wale wanaoishi nao nyumba moja, kwa sababu magonjwa ya mlipuko yataendelea kuja. Tunafundishwa hatua kwa hatua namna ya kuvaa gauni na kuvua glavu. Namna ya kubaki salama kichwani baada ya kuzivua, tunaelezwa kwa sentensi mbili mwisho wa semina.

Kazi ilikuwa nyingi na hofu ya kuambukizwa ilikuwepo, lakini hayo mtu anayamudu akipata pa kupumzikia. Kilichonivunja ni kubeba vifo bila mahali pa kuvisemea.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake ikatangazwa kufungwa kwa shule. Kwetu Nkuhungu tunaishi na mama mkwe, ana presha na kisukari cha miaka mingi. Nilianza na yale ambayo wengi walianza nayo: ndoo ya maji ya jiki kwenye mlango wa uani, nguo za kazi kuvuliwa bafu la nje, kuoga kabla ya kumsalimia mtu. Mwanangu mdogo alikuwa na kawaida ya kunikimbilia akisikia geti. Alizuiwa mara chache, kisha akaacha mwenyewe. Akawa anasimama kizingitini, mikono nyuma, anasema "shikamoo mama" kutoka mbali.

Nilipoona hali inazidi, nikapanga chumba Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, shilingi elfu arobaini kwa mwezi, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Ongeza godoro, jiko dogo la gesi, bodaboda za alfajiri. Mshahara ulikuwa uleule na nyumbani bado kulihitaji matumizi. Wapangaji wenzangu walipojua ninakofanya kazi, kamba ya kuanikia nguo ikawa yangu peke yangu, na mwenye duka akawa ananiwekea chenji juu ya kaunta badala ya kunipa mkononi. Siwalaumu, waliogopa. Lakini kama unaweza kutengewa chumba ndani ya kaya yako, chenye dirisha la kufunguka na choo chako, kaa hapo. Kule Chang'ombe mama mkwe alikuwa salama, ila na mimi nilikuwa mbali na watu pekee ambao wangeona mapema kwamba nabadilika.

Mei 2020 takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Sitaingia kwenye siasa zake. Nasema tu lilivyotufikia sisi wa wodini. Ugonjwa ulipungukiwa jina. Ikawa "changamoto ya upumuaji", ikawa "nimonia kali". Mgonjwa akifariki, ndugu wanakuuliza, "Sista, amekufa na nini?" Unawajibu kwa maneno yaliyo kwenye faili. Wanakutazama. Wanajua, na wewe unajua kwamba wanajua. Ukitoka hapo unakutana na jirani anayekwambia korona si imeshaisha. Sasa kama imeisha, utamweleza vipi kwamba hujalala, na kwamba chakula hakipiti? Msiba wa kawaida una matanga, watu wanakuja, wanakaa, wanalia nawe. Misiba yetu ya wodini haikuwa na mkeka wa kukalia.

Januari na Februari 2021 ndiyo iliyokuwa migumu kuliko yote. Mtu asiyefanya kazi na oksijeni huenda asielewe, kwa hiyo nieleze kidogo. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuhitaji lita 15 kwa dakika. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukifunguliwa kwa kiwango hicho unaisha kwa saa saba na nusu hivi, na zamu ya usiku ina urefu wa saa kumi na mbili. Maana yake ni kwamba hakuna mtungi utakaomvusha mgonjwa wako hadi asubuhi. Usiku kucha unatembea kitanda hadi kitanda ukisoma mshale wa geji, unapiga hesabu upi utakwisha saa nane, upi saa kumi, na kama aliyekwenda kufuata mingine atarudi kabla. Masikio yanazoea mlio wa maji yanayobubujika kwenye chupa ya mtungi kiasi kwamba chupa moja ikinyamaza unageuka kabla hujafikiri. Miezi mingi baadaye, friji ya nyumbani ikizima mlio, nilikuwa nainuka kitini.

Kulikuwa na mzee kutoka vijijini Chamwino. Kila nikiingia alinisalimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", akilikata neno katikati ili avute pumzi. Tulikuwa tunamlaza kifudifudi, maana wagonjwa wengi wakilazwa hivyo oksijeni hupanda, naye alikuwa akivumilia bila kulalamika. Oksimeta, kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu, ilikuwa inacheza kwenye 86, 88, ikipanda 90 ananiangalia aone kama nimefurahi. Usiku mmoja aliniuliza, "Mwanangu, umekula?" Sikuwa nimekula. Alifariki alfajiri ya siku iliyofuata, mtungi wake ukiwa bado na gesi. Nalisema hili kwa sababu kwa muda mrefu kichwa changu kilikuwa kinaniambia kwamba uliisha.

Mgonjwa akifariki, muuguzi wa zamu huandika mali zake kwenye daftari mbele ya shahidi, na ndugu akija kuzipokea anasaini. Ya mzee niliyaandika mimi: fimbo moja, kofia moja, redio ndogo moja, kitambulisho cha NIDA, shuka moja ya kimasai, fedha taslimu shilingi 14,500. Ni kazi ya dakika chache, tumeifanya tangu tukiwa wanafunzi. Lakini kwenye wimbi lile tuliiandika mno, wakati mwingine kurasa mbili kwa zamu moja, na ni kazi unayoifanya kimya, ukivishika vitu vya mtu mmoja mmoja.

Siku moja nikiwa kwenye daladala ya kwenda Majengo, nikamtazama dada aliyekaa mbele yangu na kichwa kikaanza chenyewe: saa ya mkononi moja, pochi nyeusi moja, kandambili jozi moja. Sikuanza kwa hiari na sikuweza kukizuia. Ikawa kila mahali. Kanisani, sokoni. Siku niliyopita Nkuhungu kuleta unga na mafuta, nikamwona mwanangu amesimama pale kizingitini na kichwa kikaandika: fulana ya njano moja, ndala moja, ya pili haionekani. Nililiweka lile furushi chini nikaondoka bila kuaga.

Sikulia. Watu wanadhani mfanyakazi wa afya aliyelemewa utamwona analia. Mimi nilikuwa mkavu. Niliwajibu ndugu wa wagonjwa kwa sauti kavu, nilikasirika mtu akidondosha kalamu, na mgonjwa akipata nafuu sikusikia chochote. Baadaye nilisoma namna Shirika la Afya Duniani linavyouelezea uchovu wa kazi uliopitiliza: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi lolote la maana. Yote matatu nilikuwa nayo. Lakini yangu yalikuwa yamepita hapo, kwa sababu uchovu wa kazi unahusu kazi, na mimi vile vitu vilinifuata hadi mezani na kitandani. Kipimo ninachowapa wenzangu ni hiki: ukipewa siku za kupumzika na ukarudi umepata nafuu, ulichoka. Ukipumzika na mambo yakabaki yaleyale, usingizi hauji, furaha haipo, na hali hiyo ikapita wiki mbili mfululizo, hapo unahitaji kuonwa na mtaalamu.

Kabla ya kufika huko tulijitibu wenyewe, kama kawaida ya watu wa hospitali. Wapo waliohamia kwenye pombe. Walitoka zamu asubuhi na kwenda moja kwa moja. Mimi mwenzangu alinigawia dayazepamu zake. Usingizi ulikuja, ndiyo, lakini niliamka nao hadi kwenye zamu, na siku mbili tatu nisipokunywa mikono ilitetemeka. Dawa hizo mwili unazizoea ndani ya wiki chache, na anayezinywa bila kufuatiliwa anajiongezea tatizo la pili. Kilichosaidia usingizi kidogo kilikuwa vitu vidogo: kutundika vitenge viwili dirishani ili jua la Dodoma lisiingie mchana, kuacha chai ya rangi ikishapita saa sita usiku, na kutozungumzia zamu kwenye kundi la simu la wodi mara nikishafika chumbani. Lile kundi lilikuwa halilali. Lizime mlio. Mambo ya dharura watakupigia.

Mwenzetu mmoja alilazwa palepale tulipokuwa tukifanya naye kazi. Kumwekea mwenzako kanula, huku anakuelekeza mshipa ulipo, ni jambo nisilomwombea mtu. Alipona, ila hakurudi wodini, aliomba kuhamishwa. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wafanyakazi wa afya kati ya 80,000 na 180,000 duniani walikufa kwa korona. Nilipoliona kadirio hilo niliwaza wale waliowahudumia wenzao hao, waliokunja gauni zao wakaandika mali zao.

Aliyegundua kwamba siko sawa ni mama mkwe, kwenye simu. Alisema, "Mwanangu, unaongea nami kama unanisomea barua ya mtu mwingine." Akamwambia mume wangu anifuate jioni ileile. Mume wangu ni mwalimu, mtu wa maneno machache. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nje ya kile chumba, umbali wa hatua kadhaa, barakoa usoni, na hakuniambia "jikaze" wala "muombe Mungu". Kuomba nilikuwa naomba. Aliuliza tu, "Leo kumetokea nini?" na akangoja. Ilinichukua muda. Nilimweleza ya mzee wa Chamwino na redio yake. Kama una mke, mume au mtoto anayefanya kazi hii, swali hilo linatosha, mradi usiharakishe jibu na usianze kutoa ushauri.

Muuguzi kiongozi wetu, mama aliyebakiza miaka michache astaafu, ndiye aliyenitajia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Dodoma. Ndugu msomaji unajua jina hilo lina nini. Nchi nzima mtu akionekana anasema ovyo wanasema apelekwe Mirembe, na sisi wa Dodoma tumekua nalo kama tusi la kila siku. Mimi muuguzi, niliyewahi kupita pale nikiwa mafunzoni, nikaona aibu. Siku ya kwanza nilimwambia dereva wa bodaboda anishushe mbele ya pale, nikarudi kwa miguu na kanga kichwani, jua likiwaka.

Niliowakuta kwenye benchi la wagonjwa wa nje walikuwa watu kama mimi: mama aliyemleta binti yake, kijana wa chuo na begi lake la mgongoni, mzee mwenye faili mkononi. Nilipoingia sikuulizwa kama mimi ni kichaa. Niliulizwa nalala saa ngapi, nakula nini, tangu lini, na kama nimewahi kutamani nisiamke. Swali la mwisho liliulizwa waziwazi, kwa sauti ya kawaida. Nikasema ndiyo, zipo asubuhi nilizotamani nisiamke. Wapo wanaoogopa kumuuliza mtu swali hilo wakidhani watamtia wazo. Halimtii wazo. Linampa ruhusa ya kulisema, na akilisema anaweza kusaidiwa siku ileile.

Nilipewa dawa na ratiba ya mazungumzo. Kuhusu dawa, elewa kwamba za sonona huchukua kama wiki mbili hadi nne ndipo uone tofauti, na siku za mwanzo tumbo linaweza kusumbua. Wengi huacha hapo, wanasema hazifanyi kazi. Usiache bila kurudi kwa aliyekuandikia. Kuhusu mazungumzo, nilitegemea nitafundishwa namna ya kusahau. Badala yake mtaalamu aliniomba nisimulie kifo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Nikachagua kile cha mzee. Nilipofika pale pa mtungi nikasema uliisha, akaniuliza, "Geji ilikuwa inasoma ngapi?" Nikanyamaza. Nikaiona. Ilikuwa inasoma. Ugonjwa ndio uliomuua, mapafu yake yalikuwa hayachukui tena kile tulichompa, na mimi nilikuwa nimeishi na hatia ambayo haikuwa na ukweli wowote. Nililia pale kwa mara ya kwanza tangu Januari. Zile orodha za kichwani hazikukoma siku hiyo. Zilipungua taratibu, kwa miezi.

Niliporudi kazini tulikaa na muuguzi kiongozi tukabadilisha vitu ambavyo havikuhitaji bajeti ya mtu. Baada ya kukabidhiana wodi asubuhi, waliotoka zamu ya usiku wanakaa dakika kumi nje, chini ya mwarobaini, kabla ya kuondoka. Anayetaka kusema anasema, asiyetaka anakunywa chai yake. Halazimishwi mtu, kwa sababu kumlazimisha mtu asimulie kabla hajawa tayari kunaweza kumuumiza zaidi. Na pale hapachunguzwi makosa. Kama kuna kosa la kitaalamu, lina kikao chake. Mkichanganya hayo mawili, wiki ijayo hakuna atakayefungua mdomo.

Daftari la mali tukakubaliana liandikwe na watu wawili wanaopokezana, na aliyemhudumia marehemu kwa muda mrefu asiliandike yeye. Wanaokaa na wagonjwa mahututi wanazunguka, wiki chache huku, wiki chache wodi nyingine, hata kama wodi nyingine inalalamika. Wahudumu wa usafi wanakaa nasi chini ya ule mti. Wao ndio wanaobaki na chumba baada ya kila kifo na hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Na tukaanza kumpa mgonjwa simu aongee na wa kwao mapema, anapoingia, angali anaweza kusema, badala ya kungoja azidiwe. Hilo liliwasaidia ndugu na likatusaidia sana sisi, maana tuliacha kuwa watu pekee waliosikia maneno yake ya mwisho.

Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa mbele ya taifa, na sisi watumishi wa afya tukiwa katika makundi ya kwanza. Nilichanja, mama mkwe naye akachanja, nikarudisha funguo za Chang'ombe. Mwanangu hakunikimbilia. Aliendelea kusimama kizingitini kwa muda mrefu, na nilijifunza kutomvuta. Nilikuwa naketi chini palepale uani, nje ya mlango, tunamenya karanga, yeye upande wake na mimi upande wangu. Wazazi mlio katika hali hii, mpeni mtoto muda uleule mliomchukulia.

Machi 2023 ukatangazwa mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera. Ulipotangazwa kuisha mwezi Juni, walikuwa wameugua watu tisa na kufa sita, akiwemo mtumishi wa afya. Niliyesoma naye uuguzi yuko upande huo, na wiki ile ya kwanza alinipigia simu usiku akitaka kujua tulivyoishi na korona. Alitegemea nimwambie habari za barakoa. Nilimwambia atafute mtu mmoja nje ya kituo, amweleze mapema kabla hajaingia zamu ya kwanza, kwamba atampigia kila akitoka, na mtu huyo asimuulize wamekufa wangapi, amuulize kumetokea nini. Aandike pia kwenye simu yake namba ya afisa ustawi wa jamii wa wilaya na ya mtaalamu wa afya ya akili wa hospitali ya rufaa iliyo karibu, leo, wakati kichwa bado kinafanya kazi vizuri. Aliuliza kama dada yake anafaa, maana ni mtu wa kulialia. Nikamwambia anafaa kabisa, ampigie.